Jicho la mpwa wangu na namba 4.5

Nimekuwa kimya kwa muda. Niliahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata, na nitaendelea, lakini kwanza nitoe jambo ambalo limenikaa moyoni tangu Desemba. Linahusu mtoto, mwembe, mashine ya ultrasaundi, na mstari mmoja wa msimbo ambao niliuandika kwa furaha kisha nikaufuta.

Nilikuwa nimeenda Ukambani kwa dada yangu kwa ajili ya Krismasi. Siku moja, saa kumi jioni hivi, mpwa wangu wa miaka sita akaanguka kutoka juu ya mwembe. Aliangukia kichwa, upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio. Alilia, akabembelezwa, akanywa maji, akarudi kucheza na wenzake. Sisi wakubwa tukamshukuru Mungu, tukaendelea na chai.

Baada ya saa moja akatapika. Dada akasema ni yale maembe mabichi. Akatapika tena. Mara ya tatu alikuwa amejilaza kwenye mkeka, na mama yake akimwita anaitika kama mtu aliye mbali. Dada akaniangalia, akasema, "Huyu si yule mtoto wangu ninayemjua." Nikaenda kutafuta gari.

Hospitali ya karibu ni ndogo. Ina maabara, eksirei, wodi ya kina mama na mashine ya ultrasaundi. Mashine ya CT haina. Ya uhakika, pamoja na daktari wa kupasua ubongo, vilikuwa Nairobi, mwendo wa karibu saa tatu, na giza lilikuwa limeshaanza kuingia. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana, pengine rika langu. Alimwangalia mtoto mboni za macho kwa tochi, akamwambia ainue mikono, akamuuliza jina lake na jina la mwalimu wake, akabonyeza kichwa taratibu pale palipovimba. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alivuta ile mashine ya ultrasaundi, akabadilisha kile kipande cha kushika mkononi, akamfumba mtoto macho, akampaka jeli juu ya ukope.

Nikamwambia, "Daktari, ameumia kichwa, si jicho."

Akajibu bila kuinua uso, "Najua, mjomba. Mshikie mkono asitikisike."

Kwa wale ambao, kama mimi siku ile, hawaelewi jicho lina uhusiano gani na kuanguka mtini, nieleze kidogo. Fuvu la kichwa ni sanduku lililofungwa. Ndani yake mna ubongo, damu, na maji maangavu yanayouzunguka ubongo. Mtoto akigonga kichwa na mshipa ukapasuka ndani, damu inajikusanya na haina pa kwenda. Kwa muda mwili unajitetea kwa kusukuma baadhi ya yale maji yatoke kwenye fuvu. Nafasi ikiisha, shinikizo linapanda kwa kasi, na ubongo unaanza kubanwa. Ndiyo maana mtoto anaweza kuonekana mzima kwa saa nzima kisha akabadilika ghafla.

Kulipima shinikizo hilo moja kwa moja kunataka kutoboa fuvu na kuingiza kipimio. Kuiona damu yenyewe kunataka CT. Mashine hiyo ilibuniwa na Godfrey Hounsfield, mhandisi wa Uingereza, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha jijini London mwaka 1971. Hounsfield alikuwa mmoja wa wawili waliopata tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1979. Lakini CT hutumia mionzi, na mwili wa mtoto huathirika na mionzi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo hata wenye mashine hizo tele hawataki kumpiga kila mtoto aliyejigonga. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha kanuni ya kuamua nani hahitaji CT, wakitumia takwimu za watoto zaidi ya 42,000. Kanuni yenyewe ni maswali tu: alizirai? ametapika? amelegea au amesinzia kuliko kawaida? alianguka vibaya kiasi gani? Kwa walio chini ya miaka miwili, swali mojawapo ni kama mzazi anaona mtoto hayuko kama kawaida yake. Kumbe sentensi kama ile ya dada yangu ina nafasi yake katika sayansi.

Sasa jicho. Neva inayotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo si neva ya kawaida. Ni sehemu ya ubongo wenyewe iliyochomoza nje. Imevikwa utando ule ule unaoufunika ubongo, kama kisu ndani ya ala, na katikati ya kisu na ala mna maji yale yale ya ubongo. Njia iko wazi. Shinikizo likipanda ndani ya fuvu, maji yanasukumwa hadi kwenye ala, na ala inafura. Mwaka 1996 Helmke na Hansen walionyesha kwamba inafura zaidi karibu na jicho, na tangu hapo wapimaji wamezoea kupima upana wake milimita 3 nyuma ya mboni yote. Jicho limejaa majimaji, na mawimbi ya sauti hupita humo bila shida. Kwa hiyo ni dirisha la kuchungulia kichwani bila kutoboa na bila mionzi.

Sisi wa Afrika Mashariki na majirani zetu tuna sababu ya kulijali dirisha hili, na si kwa ajali peke yake. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa Kilifi waliandika kuhusu shinikizo la ndani ya fuvu kwa watoto wenye malaria ya ubongo. Mwaka 2008 wengine wakachapisha kazi iliyofanywa Malawi, wakipima ala ya neva ya jicho kwa ultrasaundi kwa watoto wa Kiafrika, kwa sababu hizo hizo za daktari wetu: CT iko mbali, ultrasaundi iko hapa.

Haya, turudi wodini. Kwenye kioo niliona duara jeusi, ndilo jicho, na nyuma yake mkanda mweusi ukishuka kama mkia. Daktari akasimamisha picha, akaweka alama, akashuka milimita 3, akaweka alama mbili kushoto na kulia. Akarudia jicho la pili. Akaandika kwenye faili: 4.4.

"Kiwango ni ngapi?" nikauliza.

"Kwa mtoto wa umri huu, wengi wanatumia 4.5. Chini ya mwaka mmoja ni 4.0. Mtu mzima kama wewe, 5 hivi."

Wasomaji, mimi ni mwanaprogramu. Nne nukta nne ni ndogo kuliko nne nukta tano. Mwili wangu wote ukalegea kwa raha. Nikatoa simu nimpigie shemeji, ambaye alikuwa kazini Mombasa, nimwambie mambo ni shwari.

"Mjomba," akasema daktari, "weka simu kwanza. Nimeshaita gari la wagonjwa. Anaenda Nairobi."

Nilichanganyikiwa, na nakiri nilikasirika kidogo. Kama namba ni nzuri, tunaenda kufanya nini Nairobi usiku? Na kama tunaenda hata namba ikiwa nzuri, umempima ya nini? Alinijibu kwa upole ambao sikuustahili. Akasema kipimo kile hakioni damu. Kinaona shinikizo, na shinikizo linaweza kuchelewa huku damu ikiwa inajikusanya. Mtoto aliyetapika mara tatu na kusinzia baada ya kuanguka anahitaji CT, basi. "Kingekuwa kikubwa, ningekuwa na haraka zaidi. Kikiwa kidogo, sina ruhusa ya kutulia."

Akainua kichwa cha kitanda nyuzi thelathini hivi, akanyoosha shingo ya mtoto isijikunje, akamwekea oksijeni. Gari lilichelewa, kama kawaida ya mambo. Lilipofika ilikuwa imepita saa moja na nusu. Kabla hatujampandisha, daktari akavuta mashine tena. Mkono ule ule, jicho lile lile, alama zile zile. Safari hii akaandika 4.9, akapiga mstari chini yake, akachukua simu na kuongea na daktari aliyekuwa akitungoja Nairobi. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alimpa muuguzi aliyetusindikiza dawa ya kupunguza shinikizo na kumweleza ni lini aitumie.

Sitawachosha na safari ile. CT ilionyesha damu kati ya fuvu na utando wa ubongo, upande ule ule wa kushoto. Alfajiri akapasuliwa. Leo yuko shuleni, ana kovu lenye umbo la alama ya kuuliza, na amekatazwa kupanda mwembe, amri ambayo nasikia haijatiiwa hata wiki moja.

Sasa ndiyo nafika kwenye msimbo.

Niliporudi Nairobi kazini, sikuweza kuiacha ile picha ya duara jeusi lenye mkia. Nilijiambia: hii ni kazi ya kompyuta. Tafuta duara, shuka milimita 3, pima upana wa mkanda. Rafiki yangu anayefanya kazi ya ultrasaundi alinipima macho yangu mwenyewe, akanipa picha. Wikendi tatu nikawa na programu inayofanya kazi. Unaiwekea picha, inachora mistari, inatoa upana. Na mwishoni kulikuwa na ule mstari niliojivunia, ambao kwa Kiswahili unasomeka hivi: kama upana umezidi 4.5, washa nyekundu. La sivyo, washa kijani.

Ili kuijaribu, nilipima kwa mkono picha moja ya jicho langu mara kumi, nikibofya kingo mbili za mkanda kwa kipanya. Picha ile ile, mtu yule yule, kiti kile kile. Namba ya chini na ya juu zilitofautiana kwa milimita 0.4. Nilidhani nina hitilafu kwenye msimbo. Sikuwa nayo.

Angalia hesabu. Picha yangu ilikuwa na kina cha sentimita 4 kwenye pikseli 600. Kila pikseli ni milimita 0.067 hivi. Ukikosea pikseli tatu tu umekosea milimita 0.2, na ukingo wa ala kwenye ultrasaundi si mstari, ni ukungu. Isitoshe, mashine hupima kina kwa muda. Sauti husafiri mwilini takriban mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo kila milimita moja ya kina ni sehemu 1.3 za milioni za sekunde, kwenda na kurudi. Hapo mashine ni hodari. Lakini upana wa ala haupimwi kwa kina, unapimwa kwa mlalo, kushoto kwenda kulia, na kwenye mlalo ubora wa picha hutegemea unene wa mwali wa sauti. Huko mashine ni dhaifu zaidi. Yaani tunapima upande ule ambao kifaa hakioni vizuri, tunatafuta tofauti ya sehemu kumi za milimita, kwa mtoto anayelia.

Halafu nikaanza kusoma tafiti zenyewe, jambo ambalo ningefanya kabla ya kufungua kompyuta. Hata namba 4.5 haijakubaliwa na wote. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 2016 ulipata kwamba mpaka unaofaa kwa watoto uko karibu na 5.5. Kwa mpaka huo, 4.4 ya mpwa wangu ni ya kawaida, na 4.9 pia ni ya kawaida! Programu yangu ingewasha kijani mara mbili.

Utafiti mwingine, wa Marekani, wa mwaka 2009, ulikuwa na watoto 64, na 24 kati yao walithibitika kuwa na shinikizo. Kipimo kiliwanasa asilimia 83 ya wenye shinikizo. Si haba. Lakini kati ya wasio nalo, kiliwatambua kuwa salama asilimia 38 tu. Tafiti nyingine zimepata matokeo mazuri zaidi, lakini tuchukue hizo namba tufanye hesabu ya chuo. Tuseme watoto 100 wanafika, na 10 wana shinikizo. Nyekundu itawaka kwa 8 kati ya hao, na wawili wataonyeshwa kijani waende nyumbani. Kati ya 90 wasio na shinikizo, karibu 56 watawashiwa nyekundu. Jumla ni nyekundu 64, na za kweli ni 8. Moja kati ya nane. Muuguzi gani ataendelea kuiamini taa hiyo baada ya wiki moja? Na wale wawili wa kijani, nani atawaeleza mama zao?

Hapo ndipo nilipomwelewa daktari. Sikuwa nimeona mtu aliyepuuza kipimo. Nilikuwa nimeona mtu anayejua kipimo chake kinasema nini na hakisemi nini. 4.4 ilipotoka, hakuiuliza swali isiloweza kujibu. Na ya pili ilipotoka, hakuangalia kama imevuka mstari. Aliangalia kwamba imesogea kwa nusu milimita ndani ya saa moja na nusu, kwa mkono ule ule, huku mtoto akizidi kusinzia. Kosa la kila kipimo kimoja ni kubwa. Mwelekeo wa vipimo viwili, pamoja na mtoto mwenyewe aliye mbele yako, una maana ambayo namba moja haina.

Nilimpigia simu kumweleza kuhusu programu yangu na ile taa. Alicheka sana. Akasema, "Mjomba, hiyo taa yako ina uhakika kuliko mimi niliyesoma miaka sita." Kisha akaniambia kitu alichokihitaji kweli. Zamu ikibadilika, anayekuja hajui aliyetoka alipima wapi. Namba ziko kwenye faili lakini picha haipo. Angependa kuona picha zote za mtoto mmoja zikiwa zimepangwa kwa saa, na alama zilipowekwa zikiwa bado zinaonekana, ili anayefuata apime pale pale.

Basi nikaufuta ule mstari. Programu ya sasa haina nyekundu wala kijani. Inaonyesha picha kwa mpangilio wa saa, kila namba ikiwa na kiwango chake cha makosa pembeni, na nafasi ya kuandika hali ya mtoto: ametapika mara ngapi, anaitika vipi, mama anasemaje. Haipendezi kama ile ya kwanza. Rafiki zangu kazini walipoiona waliuliza, "Sasa akili yake iko wapi?" Iko kwa mtu anayeitumia. Bado haijaingia hospitalini, na haitaingia mpaka wenye kazi yao waikague na kibali kipatikane.

Kabla sijafunga, mawili kwa wenye hamu. Siku hizi kuna vipimio vya ultrasaundi vinavyochomekwa kwenye simu, na najua wengine wenu mtatamani kujipima. Tafadhali msifanye hivyo. Jicho lina mpangilio wake maalum kwenye mashine. Kwa mfano, kiwango cha Marekani cha nguvu ya sauti kwa jicho ni miliwati 50 kwa sentimita mraba, ilhali sehemu nyingine za mwili huruhusiwa hadi 720. Na jicho lililopasuka halikandamizwi kabisa.

La pili ni muhimu zaidi. Mtoto akigonga kichwa kisha akatapika tena na tena, akasinzia isivyo kawaida, akapata degedege, akatokwa na maji maangavu au damu puani au masikioni, au ukahisi tu kwamba huyu si yule unayemjua, msimsubirie chai iishe. Sisi tuliisubiri. Ile saa moja bado naihesabu.

Wiki ijayo, hifadhidata. Naahidi.